Mzima Namba Nne

Shemeji yangu ananichosha, huu ni mwaka wa kumi na tisa tangu tuwe maabara moja, na nasema hivyo huku nikimpenda. Ndiye aliyemwoa dada yangu mkubwa, ndiye aliyenishika mkono kuniingiza maabara nikiwa sijui hata kuvaa glavu bila kuzichana, na ndiye mtu pekee ninayemjua anayeweza kutumia saa nzima kwa kazi ya dakika kumi, halafu akakutazama wewe unayesubiri kana kwamba wewe ndiye mwenye matatizo. Hospitali nzima inamwita Wembe. Mgeni hudhani ni kwa ukali wa ulimi, kumbe ulimi wake ni butu na hautumiki sana. Ameitwa hivyo kwa kazi yake: anakata vipande vya maini ya watu, na vya figo, na vya kila kitu ambacho daktari amekitilia shaka.

Kazi yenyewe huenda hivi. Mgonjwa anachomwa sindano ndefu ubavuni, kinatoka kipande cha ini chembamba kama tambi. Kinalowekwa kwenye dawa, kinazamishwa kwenye nta ya moto, na nta ikishaganda unabaki na kibonge kidogo cha kutosha kiganjani. Wembe anakifunga kwenye mashine, anazungusha mkono wa mashine taratibu, na utepe unatoka, mwembamba kiasi kwamba ukipumua vibaya unaruka. Anaudaka kwa brashi, anauweka uelee kwenye maji ya uvuguvugu, anauvua kwa kioo. Baadaye kioo kinatiwa rangi. Nyama ya ini inashika nyekundu, kovu linashika bluu. Ini zuri ni jekundu lenye bluu kidogo kuzunguka mishipa. Ini bovu lina bluu kila mahali, nyuzi zimekatiza huku na huku mpaka nyama imebaki visiwa visiwa.

Sasa mpe mtu mwingine vibonge kumi, atakata kumi. Wembe akikata kimoja anasogeza ule wembe ili kinachofuata kipate sehemu mpya ya makali, anafuta mashine, anabadilisha glavu, anaandika namba kwenye kioo kwa penseli kwa sababu wino huyeyuka kwenye dawa, halafu anaisoma kwa sauti mara mbili. Mara mbili, hata akiwa peke yake chumbani. Niliwahi kumuuliza anamsomea nani. Akasema anajisomea mwenyewe, maana macho huona yanachotaka kuona, lakini mdomo husita kidogo kabla ya kusema uongo.

Nyumbani ni yaleyale. Dada yangu husema yeye hakuolewa na mume, aliolewa na stoo. Kopo la chumvi lina karatasi iliyoandikwa "chumvi", kana kwamba tungedhani ni nini. Mswaki wake una plasta yenye jina lake, kikata kucha kina plasta, wembe wake wa ndevu una plasta na kimfuko chake, na ole wako uuguse. Hayo ya bafuni yalianza miaka minne iliyopita tu. Tulimcheka sana, tukasema uzee umeanza kumwingia.

Hakuzaliwa na ugonjwa huo wa kusoma namba. Aliingia hospitali akiwa na miaka ishirini na mmoja, mpiga deki. Mwaka huohuo mtu fulani maabara alichanganya vioo viwili, mama mmoja akakatwa titi lisilokuwa na kitu, na yule aliyekuwa na kitu akaambiwa aende nyumbani. Wembe ndiye aliyekuwa akipiga deki kwenye ukumbi siku mume wa yule mama alipoambiwa. Hajawahi kunisimulia mwenyewe, nimesikia kwa dada. Fundi mzee aliyekuwa akikata wakati huo alimwona anavyosimama mlangoni kutazama vibonge, akamwita ndani, akamfundisha. Miaka thelathini na moja sasa, na hakuna kioo chake hata kimoja kilichowahi kurudishwa kwa sababu ya namba. Hilo lazima nimpe, hata kama linaniuma.

Ndipo akaja Daktari na utafiti wake.

Huyu Daktari ni wa maini, kijana, mchangamfu, anatembea haraka na anaongea haraka zaidi. Alikuja na RNA zake ndogo, na mimi, kwa kuwa ndimi ninayeijua mashine ya kuzisoma, nikawekwa kwenye utafiti bila kuulizwa. Nitaeleza kwa lugha ya jikoni, maana ndiyo niliyoelezwa nayo. Ndani ya kila seli ya mwili kuna maagizo marefu: pika protini hii, pika ile. Halafu kuna hizi RNA fupifupi, za herufi ishirini na mbili hivi, zisizopika chochote. Kazi yao ni kuyakamata maagizo marefu na kuyanyamazisha. Ni wasimamizi, kwa kifupi, na kila ofisi inawajua. Hazina hata majina, zina namba, kama wafungwa.

Iliyokuwa ikituhusu hasa ni ya ishirini na tisa. Kwenye ini, hiyo ndiyo huzibana seli zinazotengeneza nyuzi za kovu, zisizidishe. Ini likiumizwa kwa miaka, kwa virusi au kwa pombe au kwa mafuta, ile ya ishirini na tisa hupungua, na zile seli zikishaona msimamizi hayupo hufuma kovu mchana na usiku. Ya ishirini na moja kazi yake ni ya kinyume: hupanda, na ikipanda huchochea. Na kwa kuwa baadhi ya RNA hizi huvuja zikaingia kwenye damu, Daktari alikuwa na matumaini kwamba siku moja kichupa kimoja cha damu kitatosha kusema ini lina kovu kiasi gani, mtu asichomwe tena sindano ubavuni. Wazo zuri, sina ugomvi nalo. Ugomvi wangu ni kuzipima. Ukizigusa kwa kidole kitupu zimekufa. Ukichelewesha damu, zimeharibika. Ukikitikisa kichupa kwa nguvu, seli nyekundu hupasuka na kumwaga RNA zao, na hapo unasoma uchafu tu. Nilikuwa narudi nyumbani shingo imekaza kama gogo.

Wembe peke yake ndiye aliyefurahi. Kwa mara ya kwanza maishani, masharti yake yote yalikuwa yameandikwa kwenye karatasi rasmi kama lazima. Badilisha glavu, futa mashine, makali mapya kwa kila mtu. Alinitembelea na ile karatasi mezani kwangu, akaiweka mbele yangu, akaondoka. Alipewa pia kazi ya kupokea vichupa vya damu, kuviandika namba na kuviweka kwenye friza.

Wagonjwa wetu walikuwa watu sitini wenye virusi vya homa ya ini aina ya B. Hao tuliwapima kila kinachopimika. Lakini ukitaka kusema mgonjwa yuko tofauti lazima uwe na wazima wa kumlinganisha naye, na hapa ndipo tulipofanya ujinga ambao ni watu wa maabara tu wanaoweza kuufanya. Tulijitoa wenyewe. Kila maabara hufanya hivyo. Mtu akihitaji damu ya mzima anamwomba jirani yake wa meza ya pili akunje mkono wa shati. Kumi na wawili tulihitajika, na asubuhi moja Daktari akapita meza hadi meza na karatasi ya maswali. Umewahi kuambiwa una ugonjwa wa ini? Hapana. Unakunywa sana? Tukacheka. Weka alama, tia sahihi, kaa kwenye kiti. Hakuna aliyetupima virusi. Tulikuwa wazima kwa sababu tulikuwa wa hapo, tunaonekana, tunakunywa chai pamoja. Wagonjwa ni watu wanaokuja na bahasha za vipimo.

Wembe alijaribu kukwepa. Alisema damu yake imezeeka, akasema ana vibonge vya kukata, akasema mshipa wake haupatikani. Daktari akamtania mbele ya watu wote kwamba mkata watu anaogopa sindano. Watu wakaangua kicheko, nami nilicheka kuwashinda. Akaja. Nilikuwa ndiyo kwanza nainuka kwenye kiti, pamba ikiwa bado mkononi, yeye akaketi mahali pangu. Kisha akavichukua vichupa vyote kumi na viwili na kuviandika namba, akizisoma kwa sauti mara mbili, na Daktari akafungia orodha ya majina kwenye droo yake. Siri kubwa. Siri ya watu kumi na wawili waliojipanga foleni moja.

Majibu yalipotoka, wazima kumi na mmoja walikaa mahali pao vizuri. Mzima Namba Nne akaenda kukaa na wagonjwa. Ishirini na tisa yake ilikuwa chini, ishirini na moja iko juu. Hakuwa mgonjwa mahututi, lakini alikuwa katikati ya watu wenye kovu la kutosha.

Nikarudia. Nilidhani mkono wangu umekosea. Nikarudia tena kwa dawa mpya. Nikaangalia kama damu ilipasuka, haikupasuka. Nikatoa kichupa cha pili cha Namba Nne kutoka kwenye friza, kile cha akiba cha damu ileile iliyogawanywa, nikaanza mwanzo. Jibu lilelile. Wiki tatu nzima nilikuwa nikizungumza na kichupa. Nilimtukana Mzima Namba Nne kwa majina yote niliyoyajua, nikiwa nimesahau kabisa kwamba ni mtu.

Daktari alikuwa na muhtasari wa kupeleka kwenye mkutano, na siku zilikuwa zinamwishia. Akakata shauri kwamba kuna maelezo ya namna moja tu: siku ile walikuwepo pia wagonjwa wa kliniki, vichupa vilichanganyika, na cha mgonjwa kikaingia upande wa wazima. Kama ni hivyo, kuna utaratibu. Inajazwa fomu ya kosa, aliyekosea anatia sahihi, kichupa kinatolewa kwenye hesabu, maisha yanaendelea. Aliyeviandika vichupa alikuwa Wembe.

Nilimwambia Daktari ajiandae kwa vita. Nilimsimulia jinsi miaka sita iliyopita daktari wa upasuaji alivyodai Wembe amekosea namba ya kibonge kimoja, na Wembe akakaa siku mbili stoo akipanga vibonge mia nne juu ya meza mpaka akamwonyesha yule daktari mwandiko wake mwenyewe uliokosea. Daktari akavuta pumzi ndefu, akachukua fomu, tukaenda wote wawili chumba cha kukatia.

Alisikiliza akiwa amesimama. Daktari alipomaliza, Wembe akasema, "Inawezekana. Siku ile kulikuwa na watu wengi." Akachukua fomu, akatia sahihi, akairudisha, akaketi kwenye mashine yake. Haikuchukua hata dakika moja.

Nilitoka pale roho imetulia. Wiki tatu za mateso zimekwisha, kichupa kinatupwa nje ya hesabu, na mimi naweza kupumua. Daktari alifurahi mpaka akanishika bega, akaenda kushughulikia muhtasari wake.

Kilichonikaba kilikuja kesho yake wakati wa chai. Nilikuwa nimeketi na kikombe, namwangalia Wembe meza ya mbele anavyosoma karatasi ya biskuti kabla ya kuifungua, kama kawaida yake, midomo ikicheza. Huyu mtu husoma karatasi ya biskuti. Jana alipewa fomu inayosema kwamba baada ya miaka thelathini na moja amechanganya watu wawili, na hakuisoma. Si mara mbili, hata mara moja. Alitia sahihi kama mtu anayefunga mlango.

Nikaanza kuhesabu kwa vidole chini ya meza. Aliyetangulia kuketi kwenye kiti siku ile alikuwa mpokezi wa sampuli. Akafuata fundi wa damu. Wa tatu nilikuwa mimi, na namba yangu niliisikia ikisomwa: tatu, tatu. Baada yangu kiti kilikaliwa na nani? Chai ilinipalia. Wiki tatu nimemtukana Mzima Namba Nne, na sikuwahi hata siku moja kujiuliza ni nani, kwa sababu wote tulikuwa tumeshaamua kwamba ni mgonjwa aliyepotea njia.

Nilimfuata chumba cha kukatia, nikafunga mlango. Nikamuuliza kama alichanganya. Akasema ameshatia sahihi. Nikasema sikuuliza sahihi. Akaanza kufuta mashine iliyokuwa tayari ni safi.

"Shemeji," nikasema, "wewe ndiye namba nne."

Aliendelea kufuta. Kisha akavuta droo ya chini, ile ya nyembe zilizotumika ambayo hakuna mwenye akili anayeitia mkono, akatoa bahasha iliyokunjwa mara nyingi. Ilikuwa barua ya benki ya damu, ya miaka minne nyuma. Binti yao alipojifungua aliishiwa damu, Wembe akaenda kutoa, na wiki mbili baadaye wakamwandikia kwamba damu yake haikutumika, ina virusi vya homa ya ini aina ya B, afike kliniki. Hakufika.

Damu ilinichemka, sitaficha. Jambo la kwanza lililonijia halikuwa yeye, lilikuwa dada yangu. Nikamuuliza kwa sauti ambayo nadhani ilipita mlangoni: na dada je? Miaka minne analala na wewe, anakula na wewe, hajui lolote?

Akasema dada alishapimwa, na hana. Halafu alichanjwa, sindano tatu, akamaliza zote. Nami papo hapo nikakumbuka, maana dada alinilalamikia mwaka mzima: eti hospitali imetoa amri familia zote za wafanyakazi zipimwe na kuchanjwa, na mumewe anamsindikiza mwenyewe mpaka mlangoni kama polisi. Nikasema mbona kwangu haikufika hiyo amri, dada akasema labda bado. Watoto nao, mmoja mmoja, walipelekwa. Na mswaki, na kikata kucha, na ule wembe wa ndevu kwenye kimfuko chake. Huyu mtu alikuwa amemkinga kila anayepita mbele yake, akajiacha mwenyewe. Sikujua nimpige au nilie. Nadhani nilitaka vyote.

Nilimuuliza kwa nini.

"Mimi ini zima silijui, shemeji," alisema. "Yanayokuja humu ni yaliyokwisha. Fundi wangu aliyenifundisha alipoumwa, kibonge chake nilikikata mimi, bila kujua ni chake. Bluu tupu. Niliisoma namba mara mbili kama ya mtu yeyote. Sasa niende wanichome ubavu, nijikate mwenyewe?"

Dawa anajua zipo. Amesikia. Lakini kwake yeye kovu ni kovu, likishafumwa limefumwa. Miaka yote hiyo hakuwahi kuona bluu ikirudi nyuma. Hapo ndipo uvumilivu wangu uliponiishia kabisa. Kwa sababu alikuwa ameona. Alikuwa ameona kwa macho yake mawili, kwa mikono yake, humo humo chumbani, ila hakujua.

Katika utafiti wetu kuna wagonjwa waliotolewa kipande cha ini kabla ya kuanza vidonge, na kingine miaka mitano baadaye. Vibonge vyao vilikuja kwa Wembe vimevurugwa makusudi, kila kimoja na namba yake, ili anayekata na anayesoma wasijue. Mimi ninayo orodha ya jozi kwa sababu ndimi ninayelinganisha. Kazi ilikuwa imekwisha, vioo vimeshasomwa, hakuna nilichokuwa naharibu. Nikaenda kwenye kabati la vioo, nikarudi na viwili, nikawasha hadubini, nikamwambia akae.

Cha kumi na saba alikitambua kabla hajakaza jicho. Alisema huyu anamkumbuka, alikuwa na hali mbaya, nta ilikuwa inakatika vibaya kwa sababu ya ugumu. Nyuzi za bluu zilikuwa zimekamata kila kona. Nikaweka cha hamsini na mbili. Akazungusha kitufe. Bluu ilikuwepo, lakini nyembamba, imekatika katika, na kati yake nyama imetanda. Akasema huyu naye anamkumbuka, alimwonea wivu, ana bahati huyu.

"Ni mtu mmoja," nikasema.

Hakuinua kichwa. Akarudisha cha kumi na saba, akasoma namba. Akaweka cha hamsini na mbili, akasoma namba. Akaniuliza kama nina uhakika sikuchanganya, na mimi, Mungu anisamehe, nikamwambia kwamba maabara hii anayechanganya ni yeye, kuna fomu inayothibitisha. Alicheka, kicheko kifupi cha puani, kisha akavua miwani na kuipangusa na koti kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

Tulikwenda kwa Daktari pamoja. Wembe akaomba ile fomu. Kwenye maabara haturuhusiwi kufuta kitu. Ukikosea unapiga mstari mmoja ili kilichoandikwa kiendelee kusomeka, pembeni unaandika kilicho kweli, unatia sahihi na tarehe. Akaisoma fomu yote kwa sauti, kisha akaisoma tena, Daktari akimtazama kana kwamba amerukwa na akili. Akapiga mstari mmoja juu ya maneno "vichupa vilichanganywa". Pembeni akaandika: "Havikuchanganywa. Namba nne ni mimi." Akatia sahihi.

Daktari aliivuta fomu karibu, akaisoma polepole, jambo ambalo sijapata kuliona kabla wala baada. Kisha akaomba radhi, si kwa ile fomu tu. Alisema kosa ni lake yeye, aliwapima watu sitini kila kitu kwa kuwa walikuja kama wagonjwa, na kumi na wawili akawapima kwa macho. Muhtasari wake hakuupeleka. Wiki ile sote tulipimwa virusi, kumi na mmoja tukapigwa chanjo, na mimi mkono wangu uliuma siku tatu.

Kumwambia dada ilikuwa kazi nyingine. Wembe alitaka nimwambie mimi. Nilikataa katakata, nikakubali kukaa kiti cha tatu tu. Alimweleza yote sebuleni, saa kumi jioni, kwa mpangilio, kama anasoma kitabu cha kumbukumbu. Dada alisikiliza mpaka mwisho. Nilitegemea machozi. Aliinuka, akaingia bafuni, akarudi na ule wembe wa ndevu kwenye kimfuko chake, akauweka mezani mbele yake.

"Miaka minne nakucheka kwa hiki," akasema. "Ukaniacha nikucheke."

Hapo ndipo Wembe alipolia. Dada hakumbembeleza haraka. Alimwacha kidogo, halafu akamwambia avae viatu vyema kesho, wanakwenda kliniki, na asubiri aone kama kuna mtu atakayeisimamisha foleni ili yeye asome vibao vya ukutani.

Nilikwenda nao, ingawa sikuombwa. Wakampitishia kwanza kile kipimo cha mawimbi kinachogonga ubavu taratibu kupima ugumu wa ini. Kovu lipo, halijafika mwisho. Kidonge kimoja kila siku, daktari wa kliniki akasema, na tutaangalia. Hakuahidi zaidi ya hapo. Virusi aliviokota wapi, hilo nalo hakuna aliyeweza kusema. Huenda kazini, huenda alizaliwa navyo.

Kisha wakataka damu. Muuguzi akachukua kichupa na kalamu, akataka kumwandikia. Wembe akamwomba amwachie aandike mwenyewe. Muuguzi akanitazama mimi, nikainua mabega. Wembe akakishika kile kichupa juu ya kaunta, miwani imeshuka puani, na kwa miaka thelathini na moja, kama nilivyoambiwa, ameandika namba, namba, namba. Safari hii kulikuwa na nafasi ya jina tu. Akaliandika polepole, majina yote matatu, akakileta kichupa karibu na uso na kulisoma kwa sauti. Akavuta pumzi alisome mara ya pili, sauti ikamkwama katikati, ikabidi aanze upya.

Foleni nyuma yetu ikaanza kuguna. Niliwageukia, nikawaambia wavumilie. Mimi nimevumilia miaka kumi na tisa.